Mkono wa Mwinjuma

"Msamvu nzima, gari likiumwa linaniota mimi!" Mwinjuma alijitapa mezani, na mkewe Kidawa akamwamini. Tangu magari yote yawe ya umeme, boneti husoma kiganja na kufunguka kwa mkono wa fundi aliyefaulu mafunzo tu, na mkono uliofeli haupimwi tena maishani. Wa Mwinjuma ulifeli. Basi kila asubuhi alivaa ovaroli, akaenda kucheza bao, akarudi jioni akiwa safi.

"Umeme hauna grisi, mke wangu," alicheka. Kidawa akaifua ovaroli hivyo hivyo.

Jumapili moja gari la mama mkwe likazimika mlangoni pao.

"Haya, mkwe wangu, fundi mkuu," mama akasema.

Mwinjuma akapiga mluzi, akagonga tairi, akainama kusikiliza injini isiyokuwepo. Mwishowe akaweka kiganja kwenye boneti, akiomba betri iwe imekufa kabisa. Kumbe ilibakiza pumzi moja.

"Pole, Mwinjuma," gari likasema kwa upole. "Mkono huu ulifeli."

Mama mkwe akajitia kutafuta miwani. Kidawa alikuwa amesimama kizingitini na sinia la chai.

"Baba Tatu," akauliza taratibu, "kumbe kwenye ile ovaroli nilikuwa nafua nini?"