Kidole cha Mwisho

Tangazo la biashara lilikuwa linakwisha, na mtangazaji akapitisha jicho kwenye habari ya mwisho ya kipindi chake cha "Siku Kama ya Leo Michezoni".

Siku kama ya leo, miaka ishirini na mbili iliyopita, kipa wa timu ya taifa aliuza fainali. Aliachia shuti la kitoto, kisha akajitetea eti kidole chake cha mwisho kimevunjika. Nchi nzima ilimcheka.

Ng'ambo ya kioo cha studio, fundi mitambo aliinua mkono wa kushoto kumhesabia. Tano. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kama ndoana, kama siku zote. Mtangazaji amemtania mara ngapi? "Fundi, tano yako wewe ni nne na nusu!" Naye hucheka tu na kuurudisha mkono mfukoni.

Leo hakucheka. Nakala ya karatasi ileile ilikuwa mbele yake.

Nne. Tatu. Mbili. Taa nyekundu ikawaka.

"Siku kama ya leo," mtangazaji akaanza. Akaigeuza karatasi kifudifudi. "Wasikilizaji, hapa nimeandikiwa kwamba kipa aliuza mechi. Mimi kidole chake nakiona kila siku. Fundi, kaka yangu, njoo humu useme mwenyewe."

Fundi akatikisa kichwa. Kidole kilichopinda kikashuka hadi kwenye kitufe cha kuzima mikrofoni, kikatua hapo.

Mtangazaji akafumba macho.

Alipoyafumbua, taa ilikuwa bado inawaka, kiti cha ng'ambo kitupu, na kitasa cha mlango wa studio kinashuka taratibu.