Koki ya Pembeni

Chujio lilikuwa safi. Bakili alijua hivyo, maana alilisafisha jana na juzi, lakini alilifungua tena akalisugua kwa brashi kana kwamba lina tope la mafuriko.

Mashine ya kupasha moto maji ya bwawa iliwaka, ikaguna, ikajizima. Ndivyo ilivyoundwa: maji yakipita kidogo hujizima yenyewe, isije ikaungua. Na maji yalikuwa yanapita kidogo.

"Ndugu fundi!" Elisaria, msimamizi wa hoteli, aliinama mlangoni mwa chumba cha pampu. "Wageni wa mkutano wanafika kesho, na Julai hii bwawa limepoa kama mto wa kwetu Machame. Leo ikikushinda, makao makuu wanaing'oa. Hutakuwa na kazi tena hapa."

"Hewa imeingia kwenye bomba," Bakili akasema.

"Jana ulisema pampu."

"Jana ilikuwa pampu."

Elisaria akacheka kwa hasira, akaenda zake.

Akaja Kuruthumu, mtunza taulo, na kikombe cha chai. Hakumpa mkononi. Alikiweka kizingitini, akarudi nyuma, akakaa kwenye ngazi ya bwawa, kanga kichwani, mlango wazi katikati. Ndivyo walivyokaa kila siku tangu mashine iharibike, yeye kule, Bakili huku. Pengine pa kukutana hawakuwa napo. Kuruthumu alikaa Kariakoo kwa kaka yake, na kaka mwenyewe alishaapa kwamba Bakili akikanyaga barazani kwake atamvunja mguu. Kwake Bakili, kule mtaa wa Gerezani, kulikuwa na kitanda, jiko la mkaa, na redio iliyoishiwa betri. Maneno yake yote ya siku aliyasemea hapa, chini ya bomba.

"Kifungo kimekatika," Kuruthumu akasema. "Shati limekukaa upande kama la mlevi."

"Nitakishona."

"Wewe? Utashona kidole."

Wakacheka. Bakili akaligonga bomba kwa spana, ili huko nje isikike kuwa kazi inafanyika.

"Awadhi ameleta posa," Kuruthumu akasema. "Yule wa Feri, muuza samaki wa kukaanga. Aliyefiwa na mkewe."

Spana ikatulia.

"Kaka yako anasemaje?"

"Amekubali."

"Na wewe?"

"Mimi nangoja nini, Bakili?"

Hapo hotelini Kuruthumu alikuwa akimwita fundi tu.

"Ni mtu mwema," Kuruthumu akasema. "Na siendi kwake kupita njia, kisha nirudi nilikotoka. Nakwenda kukaa." Akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Ndoa ni Ijumaa. Kikombe kiache hapo hapo."

Bakili alibaki akiitazama mikono yake yenye grisi. Kisha akatambaa mpaka nyuma ya mashine. Huko kulikuwa na koki ya pembeni, ile inayoyarudisha maji bwawani bila kuyapitisha kwenye moto. Ilikuwa wazi kabisa. Mtu aliifungua, akasahau kuifunga. Bakili aliiona siku ya kwanza, kabla hata hajatua mfuko wake wa vifaa.

Akaifunga.

Mashine ikawaka, ikanguruma. Safari hii haikujizima.

Elisaria alikuja mbio, akachovya mkono pale maji yanapoingilia bwawani, akabaki anatabasamu peke yake.

"Umeiweza, bwana! Siku zote hizi ilikuwa na nini?"

"Kitu kidogo."

Ng'ambo ya bwawa Kuruthumu alikuwa anakunja mataulo, amewapa mgongo. Elisaria akamtazama, kisha akapunguza sauti.

"Ndugu yangu, mimi si kipofu. Na habari za Awadhi nimezisikia jikoni. Wewe mpweke, yeye mpweke, mnakaa mnaongea kutwa. Ungemwoa mapema!"

Bakili akaingiza spana kwenye mfuko wa vifaa, akaufunga kamba.

"Nilimwoa," akasema. "Nikamtamkia talaka zote tatu kwa pumzi moja, siku wali ulipoungua."