Japheth Akataa Kufa

Baada ya kufa kwa mara ya kumi na moja, Japheth aliinuka, akajipangusa vumbi, akatangaza kwamba hafi tena.

"Leo umekufa vizuri sana, ssebo," Proscovia alimwambia huku akifunga kamera. "Ile miguu ilivyotetemeka, hata mimi nimeogopa."

"Tafuta mwingine wa kufa. Mimi nimechoka kuwa mjinga."

Proscovia, Mganda mwenye kikampuni cha kutengeneza filamu za usalama kazini, aliendelea kufunga kamera. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Filamu zake zilikuwa bubu, na si kwa ajili ya sanaa. Ni ubahili wa waliozilipia. Mijengo ya Doha ina Wanepali, Wabengali, Wahindi, Wafilipino na Waafrika wa kila namna, na kutafsiri kwa lugha zote hizo ni gharama. Basi hakuna aliyetamka neno. Japheth alipanda ngazi mbovu, akaanguka. Alipita chini ya mzigo wa kreni, ukamshukia. Alishika waya kwa mkono uliolowa, akakauka kama omena. Ijumaa wafanyakazi walioneshwa hayo kempini wanakoishi, wakacheka hadi machozi, na Jumapili hakuna aliyegusa waya.

"Uso wako ni mali," Proscovia alizoea kumwambia. "Wakikuona tu, washaelewa."

Sifa hiyo Japheth aliichukia. Kabla ya filamu alikuwa bawabu wa hoteli huko West Bay, mpaka Proscovia alipopita akamwona akipiga miayo, akasema mwayo ule ungeeleweka hata na jiwe. Japheth akadhani ametoka kimaisha. Alijiona kwenye mabango, amevaa miwani ya jua. Badala yake, kila akipanda basi, wanaume asiowajua humtolea ulimi na kugeuza macho, yaani wanamsalimu kwa kifo chake mwenyewe. Aliwadharau. Alimdharau Proscovia na kamera yake iliyofungwa kwa kamba. Zaidi ya wote alimdharau yule mpumbavu wa kwenye filamu aliyetembea na sura yake.

Angevumilia, lakini sasa alitaka kuoa. Daisy, yaya katika nyumba moja kule The Pearl, alikuwa amekubali. Baba yake kule Kericho bado. Mtu fulani asiye na kazi alikuwa amemtumia mzee filamu ya ngazi. Mzee Kiptoo aliitazama mpaka mwisho, kisha akapiga simu.

"Kijana, hiyo ndiyo kazi yako? Kuanguka?"

"Ni kuigiza tu, mzee."

"Sawa. Lakini binti yangu sitampa mtu anayeshindwa na ngazi. Siku ukipanda ukashuka salama, unionyeshe."

Ndiyo maana alikuwa amesimama mbele ya Proscovia na vumbi mgongoni, akidai kuwa mtu mwenye akili. Filamu ya wiki ile ilihusu mikanda ya usalama, aina mpya iliyokuwa imeletwa kwenye mijengo yote. Alitaka aufunge mkanda, apande, afanye kazi, ashuke. Basi.

"Na nani atakufa?" Proscovia aliuliza.

"Hakuna."

"Japheth, mtu anapanda, mtu anashuka. Hiyo ni filamu gani? Halafu watu wamekuzoea."

"Basi wanizoee upya. Ama nirudi mlangoni kwangu nikapige miayo."

Proscovia hakuwa na uso mwingine, na filamu ilitakiwa Ijumaa. Akawasha kamera.

Japheth aliigiza siku hiyo kwa maringo ambayo hayajapata kuonekana katika Ghuba. Aliufunga mkanda taratibu, kifungo kwa kifungo, akauvuta kuhakikisha, akainua kidevu kama askofu anayevishwa joho. Alipanda. Alikaza boliti moja kana kwamba anakaza dunia. Alishuka salama, akaifuata kamera mpaka uso wake ukajaa kioo chote, na hapo filamu ikaisha.

Ijumaa alikwenda kempini kujionea. Ukumbi ulijaa. Uso wake ulipotokea walianza kucheka, kama kawaida yao. Alipofunga mkanda wakaanza kugusana viwiko. Alipokuwa juu hakuna aliyepumua. Filamu ilipokatika waliendelea kukitazama kioo cheusi, kisha wakatazamana, na hakuna aliyecheka. Mmoja alivua kofia. Walitoka kimya kimya, wakimpisha mlangoni bila kumtolea ulimi. Japheth alifurahi. Kumbe hata hawa, alijiambia, ukiwapa sanaa wanaijua.

Jumamosi, baada ya kutumiwa filamu hiyo, Mzee Kiptoo alipiga simu. "Nimekuona ukishuka. Njoo Desemba na wazee wako, tuzungumze." Daisy alilia kwa furaha. Japheth alimwambia asilie, kwamba yeye alijua tangu mwanzo, ni watu tu waliochelewa kumwelewa.

Jumapili alfajiri alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda mjengoni kuona watu wakifuata mfano wake. Foromani alikuwa ameinua mkanda mmoja juu, akipayuka kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Mingine yote ilikuwa imerundikwa kwenye pipa la taka. Wanaume walikuwa wakipanda jukwaa la ujenzi viuno vitupu, bila mkanda hata mmoja.

Mnepali mmoja aliyekuwa amefika ghorofa ya tatu alimwona, akawagusa wenzake. Akajipapasa kiuno, akamnyooshea Japheth kidole, akapitisha kiganja shingoni. Kisha akaweka mkono kifuani kumshukuru, akaendelea kupanda.