Mchoro wa Tangi

Mhandisi Nyamizi alikuwa mwaka wa nne bila kazi alipoitwa kwenye usaili katika kampuni ya ujenzi. Bwana Shekilindi, msaili wake, hakumwuliza swali lolote. Alitandaza mezani mchoro wa tangi la maji, akampa penseli.

"Kagua, dada. Ukiona kosa, sahihisha. Tutakupigia simu."

Nyamizi aliinama kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa mikono yake. Alikuwa amekwisha kusahihisha mabomba yote alipoona alama za penseli zilizofutwa vibaya, za miandiko mitatu tofauti. Pembeni palikuwa na muhuri wa halmashauri: ujenzi uanze Jumatatu.

Hapo akaelewa. Hapakuwa na nafasi ya kazi. Waliwaita watu kama yeye, mmoja mmoja, wawafanyie kazi bure.

Akachukua kifutio afute yote aliyoandika. Macho yake yakatua kwenye nguzo za tangi. Nondo zilikuwa nyembamba mno kwa uzito ule, na tangi lilichorwa katikati ya soko.

"Umemaliza?" aliuliza Bwana Shekilindi.

"Bado nguzo," akajibu.

Akaweka kifutio chini, akaandika vipimo sahihi vya nondo, akavikoleza hadi karatasi ikakwaruzika.

Nje alisimama mwanamume mwenye mvi, amekumbatia bahasha ya vyeti.

"Mwanangu, maswali yao ni magumu?"

Nyamizi akafungua mdomo amwambie. Lakini jina la mzee lilikuwa limeshaitwa, naye alikuwa akinyoosha tai yake, akitabasamu.