Chuma cha Meno Mawili

Zenon alianguka tena, safari hii mlangoni mwa chumba cha kupimia masikio hospitalini, na watu kwenye benchi wakacheka. "Saa mbili asubuhi ameshalewa!" alisema mmoja. Kristiana, mkewe, alimwinua kimya kimya. Alishachoka kuapa kwamba mumewe hagusi pombe.

Kijijini kwao, karibu na Ilemba, hakuna aliyemsadiki. Zenon huanguka katikati ya shamba la ujamaa, jembe huku, yeye kule, anatapika. Kamati ilishaamua: mlevi na mvivu hana nafasi kijijini. Ijumaa wangefukuzwa, na kule walikotoka nyumba yao ilichomwa moto walipohamishiwa kijijini. Hawakuwa na pa kwenda.

Tumaini lilibaki moja. Mtawa wa zahanati aliwaambia kuwa sikio likiugua kwa ndani huleta kizunguzungu, na usikivu nao hupungua. "Nendeni mjini akapimwe," alisema. "Mkirudi na barua, kamati itanyamaza."

"Shikamoo, dokta," Kristiana alisema.

"Eh? Paza sauti, mama! Nyie Wafipa mnaongea kama mko kanisani."

Bwana Mbonile, mpimaji, alimtazama mdomoni mpaka Kristiana akasalimia tena. Miaka ishirini alikuwa akipima masikio ya watu wa Ufipa, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Alichukua chuma cha meno mawili kinacholia kikigongwa, akakigonga gotini, akakisimika mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio la Zenon.

"Sauti ikiisha, nyoosha mkono. Halafu nakiweka kwangu. Nikikuta bado kinalia, sikio lako bovu. Nikikuta kimya, tuko sawa."

Kristiana alimwomba Mungu mumewe akutwe mgonjwa. Aliona aibu kuomba hivyo, ila aliomba, tena kwa moyo wote.

Zenon akanyoosha mkono, upesi hata moyo wa mkewe ukaruka kwa furaha. Mbonile akakihamishia chuma nyuma ya sikio lake mwenyewe, akafumba macho.

"Kimya kabisa," alisema. "Mzima kama mimi. Acha pombe, bwana."

"Sinywi, dokta," Zenon alisema, machozi yakimlengalenga.

Mbonile alikuwa ameshamgeuzia mgongo. Alimpa Kristiana kile chuma, akamwonyesha ashike mpini tu, akirudishe kwenye kisanduku kilichokuwa dirishani. Mwenyewe akakaa mezani, akaandika kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na shaka: Masikio hayana ugonjwa.

Kristiana alikinyanyua chuma kukiweka kisandukuni. Kilipopita karibu na shavu lake, akasimama palepale.

"Dokta," alisema, "bado kinalia."

Mbonile, macho yakiwa kwenye karatasi, aligonga muhuri.