Mwaka wa Kuzuia Kisasi

Declan Coyle alipofumbua macho, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Ishbel Rankine, na jambo la kwanza alilofanya ni kumkaba koo. Mirija ilichomoka mkononi mwake, damu ikaruka mpaka ukutani. Ilibidi wauguzi wawili na mlinzi wambandue vidole kimoja kimoja.

"Ni dawa za maumivu," muuguzi mkuu alimwambia Ishbel, aliyekuwa ameinama akikohoa. "Zinawavuruga akili. Usimwogope, binti."

Ishbel akasema hamwogopi. Kesho yake alirudi, akaketi kwenye kiti kilekile.

Alikuwa mwanafunzi wa udaktari pale Glasgow, amesimamisha masomo kwa mwaka mmoja, mwaka aliolipiwa ili afanye utafiti. Ufadhili wenyewe ulikuwa wa kuchunguza figo za panya. Ghafla akamwomba Profesa Abernethy amhamishie kwenye utafiti ambao wenzake waliukwepa: kukaa na watu waliochomwa visu, kuzungumza nao wangali hoi kitandani, na kuona kama maneno yanaweza kuwazuia wasiende kulipiza. Profesa alifurahi. Alisema binti huyu amekulia mtaa wa Possil, visu anavijua. Wenzake wanajua vya mezani tu.

Declan alikuwa amechomwa tumboni na ubavuni nje ya baa, kwa ugomvi ulioanzia kwenye bia iliyomwagika. Madaktari walimtoa wengu na kipande cha utumbo. Aliwaambia polisi kwamba hakuona mtu. Lakini kwa Ishbel alisema ukweli: jina la kijana aliyemchoma halijui, lakini sura yake ameishika, na siku atakayoweza kutembea atamtafuta ampasue tumbo kama alivyopasuliwa yeye, ila polepole zaidi.

Ishbel hakubishana naye. Alimletea chai, akamuuliza habari za bintiye Orla, aliyekuwa anajifunza kuendesha baiskeli. Akamwuliza nani atashika kiti cha baiskeli hiyo baba akiwa gerezani. Siku nyingine Declan alimtukana, siku nyingine alimrushia bakuli la supu. Kesho yake alimkuta kitini.

"Daktari wangu," alimwambia mara moja, "kwani wanakulipa uje kunibembeleza?"

"Kidogo."

"Basi wanakupunja."

Mlangoni walikaa binamu za Declan, Shug na Barney, wakipokezana, ili mwenye kisu asije kumalizia kazi yake. Aliyetoka zamu alizunguka mtaa kwa mtaa akiulizia nani alimchoma.

Alasiri moja waliingia wote wawili wakimburuta kijana. Walikuwa wamemshughulikia kwenye maegesho ya magari: taya limehama upande, jicho moja limevimba likafumba, shati limelowa damu mpaka mkandani. Shug alimkamata nywele akamwelekeza uso kitandani.

"Ni huyu?"

Declan alimtazama. Ishbel naye alikuwa amesimama, mkono kinywani, anamtazama.

"Siye," Declan alisema. "Mmempiga mtoto wa watu bure."

Barney akamwachia kijana kama mfuko wa takataka, kichwa kikagonga sakafu. Ishbel alipiga magoti, akamlaza kwa ubavu asipaliwe na damu yake mwenyewe, akaita msaada. Halafu akaenda chooni, akakaa humo akilia hata muuguzi akaja kumgongea. Polisi walipofika, kijana aliwaandikia karatasini kwamba alianguka kwenye ngazi. Hakuna aliyesema zaidi.

Ishbel aliporudi chumbani, upole ulikuwa umemwisha. Alimkamata Declan shati kifuani, karibu na mshono.

"Yule ana mama yake," alisema. "Kesho watakuletea mwingine, na mwingine tena, mpaka mmoja afe. Orla ataambiwa aliyeagiza ni baba yake. Nakuomba uache. Na sikuombi kwa ajili ya utafiti."

Declan alikuwa anaitazama damu ya yule kijana sakafuni, ambayo hakuna aliyekuwa amekuja kuipangusa. Mwishowe machozi yakamtoka, akageuzia uso ukutani kama mtoto aliyepigwa.

Siku iliyofuata aliwaita binamu zake, Ishbel akiwepo. Aliwaambia amemsamehe kijana aliyemchoma, awe nani awaye. Hataki kulijua jina lake. Waache kuulizia, waache kukaa mlangoni, warudi kwao wakalee watoto. Shug alimwita mwoga akatema mate miguuni pa kitanda. Barney alipiga ngumi kioo cha mlango, kikapasuka, akaondoka huku mkono unamchuruzika damu. Lakini waliondoka.

Profesa Abernethy aliposikia, alimshika Ishbel mabega. Alimwambia miaka yote anawatafutia wanafunzi ufadhili, na leo ndiyo mara ya kwanza ameona ufadhili ukiokoa mtu.

Ishbel hakungoja pongezi nyingine. Alipanda basi mpaka Possil, akapandisha ngazi mbio mpaka nyumba ya juu kabisa, akafungua kwa ufunguo chumba cha nyuma kilichokuwa kimefungwa mapazia kwa wiki kadhaa. Akamkumbatia mdogo wake, Finlay, kwa nguvu mpaka wote wawili wakayumba.

"Yamekwisha," alimwambia. "Hatakutafuta tena. Amewaambia ndugu zake waondoke, na wameondoka."

Finlay alimwacha amalize kulia begani mwake.

"Kwa hiyo sasa yuko peke yake," alisema, akanyoosha mkono kuchukua koti.