Tope la Kaka

Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa ndoo ya tope, akanusa. Tope la bwawa lenye afya hunukia kama udongo ulionyeshewa. Hili lilinuka mkojo.

"Wamekwisha," alisema.

Mumewe, fundi wa kuloweka ngozi katika kiwanda walikofanya kazi wote wawili, alishusha pumzi. "Wote?"

"Wa bwawa kubwa, wote. Wamebaki wale wa bwawa dogo tu."

Kiwandani walimwita Mama Vijidudu, na jina hilo hakulichukia. Kazi yake ilikuwa kuwatunza viumbe wasioonekana kwa macho, wanaoishi ndani ya tope na kula amonia iliyomo katika maji ya ngozi. Wa bwawa lenye hewa huianza kazi. Wenzao wa bwawa lisilo na hewa huimalizia, naitrojeni ikapanda angani kama gesi isiyomdhuru mtu. Wakifa, sumu yote huenda mtoni. Na huko chini mtaa mzima ulichota maji, mama mkwe wake akiwemo.

Mota ya kupulizia bwawa kubwa hewa ilikuwa imeungua, ya bwawa dogo ikasalimika, na mpya ilichelewa kufika. Sasa hewa ilikuwepo, wa kuivuta hawapo. Bwawa la akiba lilijaa hadi ukingoni, na juu ya paa za mji wingu zito lilikuwa likijikusanya. Mvua ikishuka tu, maji machafu yangefurika yenyewe.

"Hao wa bwawa dogo hawawezi kuzaana?" mumewe aliuliza.

"Wanaweza, wakipewa wiki kadhaa. Mvua itatungoja?" Alivua glavu kwa hasira. "Inatakiwa mbegu. Tope hai, lori zima la boza."

Wote wawili walijua lilipo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanda cha nyama, na mabwawa yake yalisimamiwa na kaka yake wa tumbo moja.

"Shemeji hatakunyima," mumewe alisema, kwa sauti ya mtu anayejifariji.

Yeye na kaka yake hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya baba yao, pale kaka alipomchukua mama akakae kwake bila kumuuliza mtu. Siku hiyo aliifungia namba ya kaka yake kwenye simu, asimsikie tena.

Alivuka barabara roho mkononi. Alimkuta kaka yake ukingoni mwa bwawa, meneja wake akiwa nyuma yake kama kivuli.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Macho ya kaka yalikwenda kwa meneja, yakarudi chini.

"Nimeishiwa mbegu. Naomba tope, boza moja tu. Nikikosa, sumu inaingia mtoni leo."

Kaka alitikisa kichwa. "Sina cha kukupa."

"Bwawa limejaa mbele ya macho yangu, unasema huna?"

"Katafute kwingine. Popote, ila si hapa."

"Kaka, ni mimi. Mimi, mdogo wako."

"Kwa kuwa ni wewe, ndiyo kabisa sikupi."

Meneja alitabasamu kidogo. Kaka akampa dada yake kisogo.

Alitoka kwa hatua za haraka. Hakuwa amefika mbali alipoona boza likijivuta kutoka getini, limejaa pomoni. Dereva wake alijulikana viwanda vyote kwa mizaha.

"Umebeba nini?" alimuuliza.

"Manukato yangu ya kila siku, mama. Tope."

"Unawapelekea wakulima?"

"Leo hapana. Nimetumwa jalala la mbali kabisa, eti wakulima wasiliguse. Mambo ya wakubwa hayo, mimi wangu usukani tu."

Roho mbaya mpaka kwa wakulima, aliwaza. Wakati huo huo pikapu ilichomoka getini kwa kasi na kuwapita. Kaka yake ndiye aliyekuwa akiendesha, na hakugeuza hata shingo. Dada alisonya.

"Nikupunguzie safari," alimwambia dereva. "Njoo ulimwage kwangu."

Tope lilikuwa la kahawia, zito, la kupendeza. Alichota kidogo, akanusa. Lilikuwa na harufu ya sabuni kwa mbali, lakini kiwanda cha nyama huoshwa kutwa kucha, ajabu gani? Alimwita mumewe, wakalishika pamoja lango la chuma lililotenganisha mabwawa mawili. Lilikuwa limeshika kutu. Walilisukuma, wakalipiga nyundo, wakapumzika, wakalirudia, mpaka likakubali. Wale wachache wake, waliosalia, wakamiminika kwenye bwawa kubwa kwenda kuwapokea wageni.

"Mwaga!" alipiga kelele.

Mpira wa boza ukakakamaa, tope likaanza kutoka. Matone ya kwanza ya mvua yakamdondokea usoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka. Mumewe alimshika bega. "Umewatoa kinywani mwa mamba, mke wangu."

Mlinzi akaja mbio. "Mama, kuna mtu getini anakutaka. Kakataa kusubiri."

Kaka yake alikuwa ameshaingia. Pikapu ilijaa mapipa, naye alikuwa na tope mpaka magotini, akihema.

"Nimekwenda mpaka kiwanda cha bia, mwisho wa mji," alisema. "Nimewapigia magoti. Haya yote ni mazima, yanuse mwenyewe."

Dada yake aliyatazama mapipa.

"Nisamehe kwa yale ya pale, mdogo wangu. Meneja ametukataza tusitamke. Dawa ya kuulia vijidudu, ile ya kuoshea mashine, imemwagika yote bwawani kwetu, ikashika lile tope. Tone moja tu la tope lile lingekuulia kila kitu. Na kukupigia siwezi, umenifungia." Alifuta jasho, akatazama kuelekea mabwawani. "Enhe, wale wako wachache bado wazima?"

Kutoka huko nyuma sauti ya dereva ilisikika, ya furaha tele.

"Mama! Tayari! Hata tone halikubaki!"